Kiingereza Kipi cha Kusomea Mashairi, na Kipi cha Kutungia?

Miaka kadhaa iliyopita nilituma shairi langu la Kiingereza kwa jarida moja la ng'ambo. Beti tatu tu, nami nilikuwa nimezionea fahari. Likarudi na maneno machache ya mhariri, tena ya upole: "heart" na "hurt" si vina. Nikayasoma kwa sauti: hat, hat. Nikamwita mke wangu, aliyekuwa akichagua mchele, naye akasoma: hat, hat. Tukaongeza "hut", yaani kibanda, na "hat" yenyewe, yaani kofia. Yote manne yakatokea mlango mmoja. Katika kinywa cha Mombasa moyo, maumivu, kibanda na kofia ni kina kimoja.

Mhariri yule hakukosea. Nami sikukosea. Kila mmoja wetu alisoma kwa Kiingereza chake.

Tangu siku ile, kijana akija kwenye kikao chetu cha ushairi cha Alhamisi jioni na kuniuliza, "Mwalimu, nataka kusoma mashairi ya Kiingereza, nianze na nani?", simpi jina la mtu. Namuuliza kwanza: Kiingereza kipi? Wengi hushtuka, maana wamelelewa wakiamini kwamba kipo kimoja tu na vingine vyote ni makosa yake.

Mimi navipima kwa mambo matatu. La kwanza ni kinywa: je, sauti zake zinakaa kwenye ulimi wetu, au utasoma shairi zima ukilipigia makasia? La pili ni karatasi: maandishi yake yanakwambia ukweli wa sauti, na ukikwama kuna kamusi au rekodi ya kukusaidia? La tatu naliita ushuru, yaani kile unachotozwa ukithubutu kutunga kwa Kiingereza hicho. Kwa msomaji wa kawaida mawili ya kwanza yanatosha. Ushuru unamhusu anayeshika kalamu.

Jambo ambalo Mswahili analijua tayari

Kabla ya kuogopa lahaja za Kiingereza, tukumbuke tunavyosoma mashairi yetu wenyewe. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi, na wote tunaujua ubeti huu:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Mtoto wa Dodoma au wa Nakuru akiusoma kwa mara ya kwanza hajui "negema" ni kusogea karibu, wala "upulike" ni usikilize. Hilo halimfanyi aseme kwamba Mwana Kupona hakujua Kiswahili. Anaambiwa hiki ni Kiamu, anapewa maana ya maneno mawili matatu, anaendelea. Na kina kikihitaji "mato", hakuna mtunzi wa pwani anayekubali kuandika "macho", kwa sababu "mato" yanakwenda na "moto" na "mtoto", ilhali "macho" yatamwacha njiani.

Mwaka 1928 wakubwa walikutana Mombasa kuchagua lahaja ya kusanifisha, wakachagua Kiunguja. Yaani Kimvita kilishindwa kikiwa nyumbani kwake, jambo ambalo wazee wetu hawakulimeza vizuri. Hata hivyo Abdilatif Abdalla alipotoa mashairi yake ya gerezani mwaka 1973 aliyatoa kwa Kimvita, na Wabara wakayasoma. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana mazoezi ambayo Mwingereza wa London huenda hana. Ayatumie.

Kiingereza cha shule

Ndicho tulichopigiwa viboko, kwa hiyo nianze nacho nikimalize. Faida yake haina mjadala: kamusi zimejaa, mitihani iko kwacho, majarida yako kwacho, na ukimtaka Shakespeare au Keats utapitia huko. Kwa karatasi, hata hivyo, ni mwongo mkubwa. "Love" na "move" yameandikwa kama pacha na hayafanani hata kidogo yakitamkwa. "Though", "through", "tough" na "cough" yanaishia kwa herufi nne zilezile na kila moja lina sauti yake. Anayetafuta vina kwa macho atadanganyika kila ukurasa.

Shida kubwa zaidi ni mapigo. Sisi tunahesabu mizani: nane katika utenzi, kumi na sita katika shairi la kawaida, nane hapa na nane pale. Mkazo hatuuhesabu kwa sababu mkazo wetu umetulia. Uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pale ndipo kwake. Mkazo wa Kiingereza ni kuku wa kienyeji, hujui leo atataga wapi. Ule mshororo wao mashuhuri wanaouita pentamita una mizani kumi, ndiyo, lakini roho yake ni mikazo mitano, nyepesi-nzito, nyepesi-nzito, mara tano. Mwanafunzi wangu huhesabu vidole kumi, akaridhika, akasoma zote kwa uzito mmoja kama anayehesabu magunia. Shairi linakufa mikononi mwake na hajui nini kimeliua.

Kisha kuna swali la nani mwenye Kiingereza hicho. Tony Harrison, mshairi, mwana wa muoka mikate aliyezaliwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1937, alieleza katika shairi jinsi alivyosimamishwa darasani kusoma Keats. Alisoma maneno manne tu, "mi 'art aches and", yaani "my heart aches and", kwa lafudhi ya kwao, na mwalimu akamkatiza na kumwita mshenzi. Harrison akalipa kisasi chake cha kishairi kwa kukumbusha kwamba Wordsworth, mtu wa kaskazini vilevile, alitunga "matter" na "water" kama vina kamili, maana kwao vilikuwa vina kamili. Keats naye, huyo aliyekuwa akilindwa na mwalimu, wahakiki wa jarida moja la Edinburgh walimcheka akiwa hai kwa Kiingereza chake cha London. Niliposoma shairi la Harrison nilicheka peke yangu. Neno lililomponza lilikuwa lilelile lililoniponza mimi: "heart".

Na mtazame hiyo "mi" yake. Tutakutana nayo tena.

Kiskoti na Kijamaika, bega kwa bega

Hivi viwili ndivyo ninavyovipendekeza zaidi kwa kusoma, na ndivyo watu wanavyonibishia zaidi, kwa hiyo nikae hapa.

Chukua Kiskoti kwanza. Robert Burns, mkulima wa Ayrshire, alitoa kitabu chake cha kwanza mjini Kilmarnock mwaka 1786. Nakala 612 zilichapishwa, shilingi tatu kila moja, na mwishoni mwake akaweka orodha ya maneno yenye maana zake, kwa kuwa alijua baadhi ya wasomaji watakwama. Humo mna shairi alilomtungia panya ambaye kiota chake kilivunjwa na jembe la kukokotwa mwezi Novemba 1785. Linaanza hivi: "Wee, sleekit, cow'rin, tim'rous beastie". Kidogo, chenye manyoya laini ya kung'aa, kinachojikunyata, chenye woga, kijinyama. Hiyo "-ie" ya "beastie" inafanya kazi ya "kiji-" yetu: kijinyama, na mshororo unaofuata ni kijikifua, "breastie". Kina na huruma vimefungwa katika kiambishi kimoja. Wabara wangesema "kanyama", nao wangekuwa karibu zaidi na Burns kuliko mimi.

Lakini ubeti wa pili ndio ulionifanya nimpende. Burns anaanza kuomba radhi kwa niaba ya wanadamu wote, na ghafla Kiskoti kinakauka. Anasema "man's dominion", anasema "Nature's social union", Kiingereza kilichonyooka cha mimbarini. Halafu anarudi kwa panya na Kiskoti kinarudi naye. Huu ndio mchezo tunaoucheza sisi kila siku. Mtu anaongea na mwanawe kwa Kimvita, akiinuka kutoa nasaha harusini anavaa Kiswahili sanifu, akikaa kitako anakivua. Burns alilifanya hilo ndani ya shairi moja, na asiyeijua tofauti ya hivyo viwili hataona kitu.

Kwa kinywa, Kiskoti kina mema ambayo watu hawayatarajii. R yao inapigwa kama yetu, haimezwi. E ya "face" na o ya "goat" kwao ni nyoofu kama e na o za Kiswahili, hazipindishwi mkia kama za London. Na lile "ch" la "nicht", usiku, ni kh ya "kheri". Aliyepita chuoni hana shida nalo. Tatizo ni msamiati, ambao ni mwingi na mgeni, kwa sababu Kiskoti kina historia yake ndefu kiasi kwamba wengi hukihesabu kuwa lugha kamili, na katika sensa ya 2011 watu zaidi ya milioni 1.5 nchini Scotland walisema wanakizungumza. Bahati nzuri kamusi yake kubwa iko mtandaoni bila malipo. Utaifungua mara nyingi.

Sasa Jamaika. Hapa maneno mageni ni machache na karatasi ni ya kweli. Chukua maneno ya kila siku: "mi", "yu", "wi", "dem", "di". Yasome kama Kiswahili na umeshayatamka karibu sawa. Na "mi" ni ileile ya Leeds, tena ni yetu: "mi sijui", "mi naenda". Kijana wa Kisauni hahitaji kufundishwa hilo, amelisikia kwenye rege tangu alipokuwa mgongoni. Vina pia unaviona kwa macho, kwa sababu washairi wengi wa Jamaika huandika sauti wanayoitaka.

Louise Bennett, aliyezaliwa Kingston mwaka 1919 na kuitwa Miss Lou na nchi nzima, alitunga kwa beti za mishororo minne, nyepesi, za kusemwa mbele ya watu. Kwa miaka mingi wenye kupanga vitabu vya fasihi walimweka kando na wachekeshaji. Ana shairi moja analomjibu bwana mmoja aliyesikika anataka kuua patwa, yaani Kiingereza cha Kijamaika. Anamwambia: vizuri, ukianza kuua lahaja usibague. Ua ya Yorkshire, ua ya Waskoti, ua ya Waairishi, kisha chukua kitabu kikuu cha mashairi ya Kiingereza umchane humo Chaucer, umchane Burns, na sehemu kubwa ya Shakespeare. Mwanamke wa Kingston anamtetea mkulima wa Ayrshire! Ndiyo sababu mimi husomesha hawa wawili pamoja, jioni moja, mmoja baada ya mwingine.

Linton Kwesi Johnson ni kizazi kingine. Alizaliwa Jamaika mwaka 1952, akapelekwa London akiwa mtoto wa miaka kumi na moja, na mashairi yake hutoka na ngoma ya rege chini yake. Lipo moja ambalo ni barua ya kijana aliye gerezani Brixton kwenda kwa mamake. Inaanza kwa adabu zote za barua: siku njema, natumai mistari hii michache itakukuta katika afya njema. Niliposoma hayo kikaoni, mama mmoja akasema, "Kumbe ni sisi!" Alikuwa anakumbuka barua za zamani, "baada ya salamu, dhumuni la barua hii". Halafu barua inaeleza jinsi polisi walivyomkamata nduguye kituo cha basi kwa kushukiwa tu, jinsi ugomvi ulivyozuka, na jinsi askari alivyokufa. Sheria ya kukamata kwa kushukiwa ilikuwa ya mwaka 1824 na kipengele chake kilifutwa 1981, miaka miwili baada ya rekodi ya shairi hilo kutoka. Adabu ile ya mwanzo ndiyo inayochoma moyo. Kwa Kiingereza cha shule ingekuwa barua ya wakili.

Kamau Brathwaite wa Barbados ndiye aliyelieleza jambo hili kinadharia, katika kitabu chake kidogo cha 1984. Alisema kimbunga hakingurumi kwa pentamita. Maana yake, hali ya hewa ya visiwani haikai ndani ya mikazo mitano ya Uingereza. Inataka mapigo ya kalipso, muziki wa visiwani, na sikio langu husikia humo silabi zinazokaribiana uzito. Silabi zinazokaribiana uzito! Ndizo tunazozihesabu sisi tangu enzi za Muyaka. Derek Walcott wa Saint Lucia, aliyepata Nobel mwaka 1992, hakukubali kabisa kuiacha pentamita. Aliichukua akaichanganya na lafudhi ya baharini, na akafanikiwa. Kwa hiyo msifanye maneno ya Brathwaite kuwa sheria. Lakini kwa sikio la Mswahili, Brathwaite anaeleza kwa nini tunamsikia Miss Lou upesi kuliko tunavyomsikia Keats.

Ukinibana nichague moja: anayeanza aanze Jamaika, kwa sababu atapata raha wiki ya kwanza. Aliyezoea kusoma Al-Inkishafi na kamusi mkononi, aende Scotland. Yeye kukwama kwenye neno si adhabu, ni sehemu ya ladha.

Sisi wakali

Kiingereza cha Wamarekani Weusi kina jambo moja ambalo Mswahili hulipata bila kufundishwa. Gwendolyn Brooks wa Chicago alitoa mwaka 1959 shairi lenye maneno 24 tu, yote ya silabi moja, kuhusu vijana walioacha shule wakishinda kwenye meza ya puli. Linaanza "We real cool". Mwalimu wa shule atauliza, "Are" iko wapi? Haipo, na haitakiwi. Sisi tunasema "Sisi wakali", "Mimi mgeni", "Yule mwalimu", na "ni" tunaiacha pale isipohitajika. Ukiiweka "are" pale, vijana wale wanakaa wima kama wamevaa sare.

Tazama pia Brooks anavyokata mishororo. Neno "We" analitupa mwishoni mwa kila mshororo, peke yake, likining'inia kabla ya tendo lake. Mshororo wa mwisho tu ndio hauna "We", kwa sababu ndio unaosema wanakufa mapema. Hakuna tena "sisi". Niliwahi kutumia kipindi kizima cha darasa kwa nafasi hiyo tupu, na hakuna aliyetazama saa.

Ila Marekani ndiko ninakoonyesha ushuru ulivyo. Paul Laurence Dunbar, aliyezaliwa Ohio mwaka 1872 kwa wazazi waliowahi kuwa watumwa, alifanya kazi ya kuendesha lifti huku akitunga kwa namna mbili: Kiingereza sanifu, na lahaja ya Weusi wa Kusini. Mwaka 1896 mhakiki mkubwa, William Dean Howells, akamsifu sana, lakini alichosifu zaidi ni yale ya lahaja. Basi milango ikafunguka upande mmoja na kufungwa upande wa pili. Wasomaji wakataka yale tu. Dunbar alikufa 1906 akiwa na miaka 33, akilalamika kwamba sauti yake nyingine haikusikilizwa. James Weldon Johnson, mshairi Mweusi wa Marekani, akaandika mwaka 1922 kwamba lahaja ile, jinsi ilivyokuwa imezoeleka vitabuni, ilikuwa kinanda chenye vibonye viwili: kuchekesha na kuhurumiwa. Burns naye alionja hilo aliposifiwa na wakubwa wa Edinburgh kama mkulima aliyefundwa na mbingu, wakati alikuwa msomaji mkubwa wa vitabu. Ni sifa tamu, nayo ina kufuli.

"Nipo", na siku mbili tatu

Pijini ya Nigeria nitaipitia kwa haraka, ingawa inastahili makala yake. Kwa kusoma ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. "How you dey?" "I dey." Hiyo ni "Nipo", neno kwa neno na moyo kwa moyo, Kiingereza cha shule hakina jibu kama hilo. "Sabi" na "pikin" zimetoka kwa Wareno, haohao waliotuachia meza, leso na gereza. BBC ilianzisha huduma ya pijini mwaka 2017, kwa hiyo hata asiye na kitabu anaweza kuzoea macho yake kwa habari za kila siku kisha ahamie kwenye mashairi. Udhaifu wake ni karatasi: kila mtunzi na tahajia yake.

Kiingereza cha India kinaleta jambo gumu zaidi. Nissim Ezekiel wa Bombay ana shairi ambalo lote ni hotuba ya kumuaga mfanyakazi mwenzao anayesafiri nje "in two three days". Siku mbili tatu! Mwingereza husikia kosa hapo, mimi nasikia Kiswahili. Tulipolisoma watu walicheka, na shairi lenyewe linataka wacheke. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, babu zake wa Gujarat, hakucheka. Alisema hivyo ndivyo babake alivyozungumza, na kwamba babake alikuwa mtu makini. Tukakaa kimya kidogo. Ukitaka kujifunza mstari mwembamba kati ya kucheka na mtu na kumcheka mtu, soma hilo, kisha lisome tena ukiwa na huyo mzee kichwani.

Na cha kwetu

Upande wetu, Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, ndiye mfano ninaourudia. Wimbo wa Lawino ulitoka Nairobi kwa Kiingereza mwaka 1966, ukiwa umetungwa kwanza kwa Kiacholi, na Paul Sozigwa aliutafsiri kwa Kiswahili baadaye. Kwa sehemu kubwa tahajia yake ni ileile ya shule. Maneno yake mengi mwanafunzi wa kidato cha pili anayasoma bila kamusi. Upya wake uko kwenye pumzi: mishororo mifupi, malalamiko ya mke aliyeachwa kwa ajili ya mwanamke wa kisasa, matusi ya kiungwana, na boga la kiamboni ambalo halifai kung'olewa. Okot mwenyewe alisema kwamba kwa kutafsiri alimpunguza tai mabawa kidogo. Kama aliyepunguzwa anaruka hivi, sijui yule mzima.

Okot anaonyesha njia ambayo wengi hawaioni. Si lazima lahaja ionekane kwenye herufi. Unaweza kuandika kila neno kama kamusi inavyotaka na bado msomaji ajue kwamba huyu hakulelewa London.

Ukitaka kutunga

Ushauri wangu wa kutunga ni kinyume na ule wa kusoma. Kwa kusoma, nenda mbali. Kwa kutunga, usitoke nje ya kinywa chako.

Kijana mmoja wa kikao chetu alitunga shairi zuri kwa patwa, la kumwomba radhi msichana. Mapigo yalikuwa sawa, hasira ilikuwa sawa. Lakini alimwita msichana "unu" kuanzia mwanzo hadi mwisho, akidhani ndiyo heshima. "Unu" ni "ninyi". Alikuwa anaomba radhi kwa wasichana kadhaa kwa pamoja, jambo ambalo, alipoelezwa, alisema huenda si uongo mtupu. Tulicheka, naye alicheka, lakini mbele ya Mjamaika kicheko kingekuwa kingine. Kusikia rege miaka ishirini hakumfanyi mtu awe na nyanya Kingston.

Kiingereza cha shule ukitungia, ushuru wake ni mdogo: wahariri hawatakurudishia kwa ajili ya sarufi. Hatari ni kuandika mashairi yasiyo na kwao, yenye theluji na majani ya vuli, kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa koti. Kiingereza chetu cha pwani ukitungia, ushuru ni mkubwa zaidi. Utaambiwa vina si vina. Hapo una njia mbili. Tunga bila vina, kama Okot, na mzozo umekwisha. Au weka vina vyako na uandike mstari mmoja chini ya kichwa cha shairi, kwamba visomwe kwa matamshi ya pwani ya Afrika Mashariki. Burns alitoa orodha nzima ya maneno, wewe unashindwaje kutoa mstari mmoja? Mimi sasa hufanya hivyo. Wengine hukataa, wengine hukubali, lakini hakuna tena aliyeniambia kwamba sijui kutunga vina.

Na jihadharini na vile vibonye viwili vya James Weldon Johnson. Ukiona kila ukitunga kwa Kiingereza cha mtaani kwenu unachekesha, jaribu kukitungia msiba, au hesabu ya deni, au dua. Lugha inayoweza kufanya utani tu bado hujaifungua yote.

Mwezi uliopita msichana mmoja alileta beti tatu kuhusu mamake anayeuza viazi karai Likoni, karibu na kivuko. Kila ubeti unaisha kwa watu wanaopita kumsalimia, "How are you, Mama?", na jibu lake ndilo kibwagizo: "I am just there." Jamaa mmoja aliyesoma sana akamshauri abadilishe iwe "I am fine", ili msomaji wa nje asidhani ni kosa. Msichana akaitazama karatasi yake.

"Lakini mamangu hayuko fine," akasema. "Yuko tu."